Jitu la Angani Lilimwambia Mama Yangu Asimamishe Cherehani

Vuuuuuuum.

Mvumo huo niliusikia nikiwa bado nyuma ya ukumbi wa video. Mabati ya ukuta yakatetemeka.

Nikajua: chombo kinatua.

Jamani, hakuna kitu nakipenda kama pale chombo kinapofunika jua na mji mzima unainua vichwa kimya. Zile filamu za zamani, za watu waliovishwa mpira wakaitwa majitu, zilikuwa za kuchekesha tu. Za siku hizi zinakukalisha. Jitu halijielezi. Halina hata haraka ya kukuua.

Nikasikia mtu akilisemea jitu kwa Kiswahili:

"Hatukuja kusalimu, wala kuzoea kwenu,
Tumekuja kuhukumu, dunia si mali yenu!"

Damu ikanichemka. Hayo mashairi ni yangu!

Niwaeleze. Kazi yangu ni kutafsiri filamu papo hapo, kipaza sauti mkononi, watazamaji mbele yangu. Binadamu wakiongea, natafsiri. Lakini majitu yananguruma tu, na hakuna ajuaye yanasema nini. Hapo ndipo natunga. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, nikihesabu silabi kwa vidole, na mtaani kwetu sijaona wa kunifikia.

Nikachungulia mlangoni. Aliyekaa kwenye kiti changu ni Koo la Dhahabu, mtoto wa mama mdogo. Amevaa kofia ya sufu hadi masikioni, joto lote lile!

Jitu kwenye skrini likapanua mdomo. Naye akanguruma:

"Mama, simamisha hiyo cherehani kidogo!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Walidhani ni utani.

Mimi sikucheka. Mama yangu ni fundi cherehani. Maneno hayo nilimwambia mwenyewe, chumbani kwetu, nikifanya mazoezi.

Nikaelewa. Kuna mtu alinirekodi, na huyu chini ya kofia ana kisikilizio. Anasikia, anatapika. Hapati hata nafasi ya kufikiri.

Mwenye ukumbi, tunamwita Bi Mkubwa, akaniona.

"Ndugu yako ana kipaji," akasema. "Nyote wawili siwawezi. Jumamosi kila mmoja anatafsiri nusu filamu. Atakayeshangiliwa zaidi, kipaza sauti chake. Mwingine akatafute kazi."

"Bi Mkubwa, huyu ni mwizi!"

"Ushahidi?"

Sikuwa nao. Koo la Dhahabu akanipiga bega. "Pole, kaka. Nyota yako imezimika."

"Cheka sasa hivi," nikamwambia. "Jumamosi mdomo utakuwa na kazi nyingine."

Nyumbani sikumwambia mtu. Koo la Dhahabu alizoea kuja kwetu kusalimia, nikaamini ameficha simu mahali. Sawa. Nikasimama palepale ninaposimama siku zote, nikafanya mazoezi ya filamu nzima kwa sauti kubwa. Mama akashona huku akinung'unika, "Pepo hizo zako zitakutia wazimu. Wenzako wanajenga, wewe unanguruma."

Nilipofika pale jitu kuu linapohutubia dunia, nikatia mtego wangu.

Jumamosi ukumbi ulijaa, watu wakakaa hadi sakafuni. Nusu ya kwanza ilikuwa yangu. Wakapiga makofi hadi vumbi likapanda. Nikamkabidhi kipaza sauti bila kumtazama.

Akaanza vizuri, mshenzi yule. Akiniiga hadi ninavyovuta pumzi! Wakamshangilia karibu kunizidi.  Je, kama ameisikiliza rekodi kwanza na kuuruka mtego wangu?

Jitu kuu likatoka chomboni.  Likapanua mdomo.

Koo la Dhahabu akanguruma kwa majivuno yote:

"Maneno ninayosema, si yangu nimeyaiba,
Vueni kofia hima, muone niliposhiba!"

Neno la mwisho lilipokwisha toka ndipo macho yakamtoka.

 Kisha jamaa mmoja wa mbele, fundi baiskeli, akanyoosha mkono akaivuta ile kofia. Kisikilizio kikaning'inia na waya wake.

"Jitu limejitaja!" mtu akapiga kelele.

Wakamzomea hadi barabarani. Akageuka mlangoni. "Kaka, tusaidiane basi, sisi ni damu moja!"

"Damu yako iko kwenye waya," nikamjibu. "Nenda nayo."

"Ila kwanza, simu uliificha wapi kwetu?" nikamuuliza.

Akacheka kwa uchungu. "Sijaficha simu yoyote. Nilichukua sauti zako kwenye simu ya mama yangu. Yeye hutumiwa na mama yako."

Nilirudi nyumbani nikiwaka. Mama alikuwa kwenye cherehani.

"Mama! Wewe ndiye ulikuwa unanirekodi?"

Mguu wake ukasimama kwenye pedali.

"Namtumia mdogo wangu. Tunasikiliza wote tukishona. Kwani kuna ubaya?"

"Wewe si ndiye unaziita pepo?"

"Ni pepo kweli." Akashika kitambaa, akakiachia. "Lakini yule mtoto wa kwenye filamu aliyejificha chini ya lori, majitu yakimpita... yalimwona? Wewe hukatiza palepale kila siku, unakwenda kunywa maji."

Nilikuja na maneno makali, yamepangwa vina na mizani. Yote yakapotea.

Ndugu msomaji, chukua hili: anayekuponda usoni chunguza anasikiliza nini akiwa peke yake. Na mwizi usimsamehe. Mimi sijamsamehe.

Nikamwambia mama, kwa sauti, hadi majirani wakasikia:

"Kesho mchana unafunga hiyo cherehani. Utakaa kiti cha mbele, karibu yangu. Na yule mtoto, mama, nakuahidi, atatoka chini ya lori mzima."