Haragi la Saba

Ni mimi niliyelitia. Si yule mama mwenye mimba, kama watu wa Masisi walivyoambiana miaka yote hii. Mimi! Nimezeeka, meno yamekwisha, na sitaki kufa na uongo huu kinywani.

Nawaambia ninyi msionijua, maana wanaonijua bado wananiita Papa na kunisalimia kwa mikono miwili.

Ilikuwa wakati wa Wabeleji, miaka michache mbele ya uhuru. Nilisoma sekondari mbali, na likizoni nilirudi kwetu, kando ya ziwa moja la Mokoto, huko Masisi. Kijana wa kaptula nyeupe na Kifaransa kingi! Jumapili, siku za Mungu, nilichukua pirogi ya baba, mtumbwi wa gogo, na kuwatembeza wageni majini. Kwa kujifurahisha tu.

Ziwa letu ni dogo lakini lina hasira. Upepo hushuka mlimani bila kupiga hodi. Ndiyo sababu Papa Luka, mkulima wa maharagi kama sisi sote, alipatana na jirani zake wawili kuokoa watu. Hakuna aliyewatuma, hakuna aliyewalipa. Wakisikia kelele majini, walitupa majembe na kukimbilia pirogi yao.

Kanuni yao ilikuwa hii: kabla ya kupanda pirogi, kila mtu atie punje moja ya haragi katika mkebe uliotundikwa kwenye nguzo kando ya maji. Akirudi, atoe yake. Balaa likitokea, mkebe unasema watu wangapi wako majini. Mke wake, Mama Luka, ndiye aliyeutunza.

Siku moja walikuja wageni wa arusi kutoka Karuba. Watano walitaka kutembezwa, nami nikawa wa sita. Papa Luka akatuletea rundo la vibuyu vikavu vya kujifunga mwilini tusizame. Kamba ya Mama Esta, aliyekuwa na mimba kubwa, haikuzunguka tumbo. Tulicheka sana!

“Shika vibuyu yangu, Mama, kamba yake iko murefu,” Papa Luka akamwambia. “Miye leo niko ku inchi kavu.”

Mama Esta akatia haragi lake. Mimi nikamtania: “Mama, si muko wawili? Tia mbili!”

“Nikitia mbili, weye utanibebea mumoja?” akajibu, na wote wakaangua kicheko.

Wakapanda. Papa Luka alikuwa amesharudi kulima, na Mama Luka alikuwa anafukuza mbuzi shambani. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikatia langu, halafu nikadondosha na la pili, kimyakimya. Niliwaza: tukirudi, kila mtu atatoa lake, litabaki moja, nami nitasema, “Hili ni la mtoto!” Watacheka tena. Ndiyo hayo tu. Ndugu zangu, ndiyo hayo tu!

Hatukufika katikati ya ziwa. Upepo ulitupiga ubavuni, pirogi ikageuka. Vibuyu vilituweka juu. Papa Luka na wenzake walitufikia upesi, wakatuvuta hadi pwani mara mbili, watatu watatu. Wote sita, wazima!

Mama Esta alizimia. Wengine walitapika maji na kulia. Walitoka katika jamaa mbalimbali za arusi, hakuna aliyejua vizuri nani alipanda na nani alibaki. Mimi nilikimbia nyumbani juu kutafuta moto na mablanketi. Niliona nafanya kazi ya maana.

Niliporudi, pirogi ya waokoaji ilikuwa imetoka tena.

“Wanaenda wapi?” nikamuuliza Mama Luka.

Alikuwa ameshika mkebe. “Iko saba,” akasema. “Nimehesabia Papa Luka mara mbili. Iko saba na tuko na sita. Mumoja anabaki mu maji!”

Nikaingia majini mpaka kiunoni nikapiga kelele: “Hakuna mutu! Murudi! Hakuna mutu!” Upepo ulinirudishia maneno usoni. Nikavua shati, nikalipunga kwa mikono yote miwili.

Loo! Nilisahau! Kwa waokoaji wale, nguo ikipungwa pwani maana yake ni moja: mutu anaonekana, endelea mbele.

Papa Luka akainua kasia juu kunionyesha kwamba ameelewa. Wakazidi kupiga makasia. Nikazidi kupunga. Sikujua tena kuacha wala kuendelea. Nilimtuma kwa mkono wangu, huku nalia asiende!

Wimbi likawageuza. Wale wawili walishikilia pirogi, wakatupwa penye matete. Papa Luka hakuwa na vibuyu. Tulimpata siku ya pili.

Kwenye matanga watu waliulizana juu ya lile haragi. Wakakumbuka utani. “Ni ule mama wa mimba ndiye alitia mbili,” wakasema. Mama Esta akaapa kwamba si yeye, lakini macho yote yalikuwa kwake. Halafu nikamsikia akisema polepole: “Labda vidole vyangu vilishika mbili. Sijui tena.”

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Niliogopa kufukuzwa masomo. Nikanyamaza. Kesho yake Mama Luka akanishika mkono, akanishukuru kwa kupiga kelele vile, kumwita bwana yake arudi. Nikapokea shukrani! Juma lililofuata nilirudi shule.

Bwana yake Mama Esta alimhamisha, wakaenda Walikale. Miaka mingi ilipita ndipo nikapanda lori mpaka Mubi, huko Walikale, kumtafuta. Mama Luka alikuwa amekwisha kufa. Huyo sikuwahi kumwambia. Nilimkuta Mama Esta anamenya mihogo mlangoni. Nikamwambia yote, bila kukaa.

Hakulia. Hakunitukana. Aliweka kisu chini.

“Kaka,” akasema, “kila Pasaka miye naungama ile zambi. Padri ananipa sala, nazisali zote. Sasa zile sala zilikuwa za nani?”

Angenipiga, ningeshukuru. Akaokota kisu, akaendelea na mihogo yake, nami nikabaki nimesimama pale kama mtu aliyepotea njia.

Ninyi mnaopanda pirogi kwa furaha, msichezee hesabu ya watu. Na mkikosa, semeni siku ileile, mbele ya wote, hata mkifukuzwa. Mtu anayeingia majini kuwatafuta hana kitu cha kushika ila neno lenu. Likiwa la uongo, atalifuata tu. Atalifuata mpaka chini.