Kapu la bundu lililomhamisha kipa wetu kutoka Kasese hadi Bwera

Wakuu, heshima kwenu nyote. Nitakayoyaeleza nimeyashuhudia mwenyewe. Pale ninapokisia nitasema kwamba ninakisia, ili asije mtu kunidai zaidi ya ninachokijua.

Kwanza, hali ilivyokuwa.

Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, timu yetu ya mtaa hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, haikuwa na mikataba. Mchezaji alikuwa mkulima wa Munkunyu, au fundi, au mwendesha boda. Alicheza Jumapili, Jumatatu akarudi kazini. Kilichomfunga kwetu ni kapu.

Msimu ulipokaribia, mwenyekiti wa mashabiki, Bwana Masereka, muuza vipuri karibu na kituo cha teksi, aliagiza bundu, yaani ugali wa muhogo, ukaletwa katika kapu moja. Aliyemega humo alikuwa wetu hadi msimu uishe. Aliyeonekana, wakati wa mapumziko kati ya misimu, amemega kapu la timu nyingine, huyo amehama. Hapakuwa na rufaa.

Watu wa Bwera, kule mpakani na Kongo, waliifuata desturi hiyo hiyo. Nao ndio wapinzani wetu wakubwa.

Mnaonifahamu humu kwa nyuzi zangu za besiboli (msicheke) mnajua kwamba mimi hupenda kipindi cha mapumziko kuliko mechi zenyewe. Mwalimu mmoja wa kujitolea alituletea mchezo ule shuleni ninapofundisha, kisha akaondoka, akaniachia ugonjwa wa kuufuatilia mtandaoni. Majira ya baridi kule Marekani, timu hubadilishana wachezaji, na uvumi huzidi ukweli.

Humo nilijifunza kanuni moja. Uvumi ukikufikia, usianze kwa kuuliza kama ni kweli. Anza kwa kuuliza ni nani atakayenufaika ukiaminiwa.

Sasa tukio lenyewe.

Kipa wetu aliitwa Thembo, kijana wa Bwesumbu kule milimani, mrefu, mkimya, ambaye mipira ya kona aliidaka kana kwamba anachuma ndizi. Msimu ulipokwisha, aliishusha kahawa ya mama yake kwa lori la Hajji Twaha, msafirishaji wa Bwera na mfadhili wa timu ya huko.

Lori lilifika Bwera siku ya Idi. Hajji, siku hiyo, hulisha kila mtu, Mwislamu kwa Mkristo. Thembo akakaribishwa, akala.

Kabla hajarudi, picha ilikwisha kufika Kasese kwa simu: Thembo, mkono kapuni.

Nilimkuta Masereka dukani, amezungukwa na mashabiki.

"Mwalimu, ona mwenyewe! Ile kijana imekula Bwera. Imekwisha!"

"Alialikwa Idi," nikasema.

"Idi gani? Thembo ni mtu ya kanisa! Yake ni Idi ya tumbo?"

Duka zima likacheka. Thembo alipokuja kujitetea, hakupewa hata kiti.

"Wazee wangu, mimi nilikuwa na njaa tu," alisema. "Mpira ndiyo kitu moja niko nayo. Mkinifukuza, mimi naenda wapi?"

Masereka akamjibu kwamba siku ya kapu ndiyo itakayoamua.

Mimi niliomba ile simu, nikaitazama picha bila haraka. Watu wote waliomzunguka Thembo walikuwa wanakula pilau katika sinia. Kapu lilikuwa moja tu, na lilikuwa mbele yake peke yake.

Wakuu, ni nani anayepika bundu siku ya Idi, akamtengea mgeni mmoja, na mwenye simu akawa amekwisha kujiweka tayari?

Wiki hiyo nikaenda Bwera. Hajji alikuwa uani, akiwasimamia watu wanaopakia lori, akanipokea kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka.

"Karibu, Mwalimu! Weye iko mutu ya mpira ao mutu ya vitabu?"

"Vyote viwili, Hajji. Nimekuja kuuliza habari ya kapu."

"Kapu iko ya kukula. Mugeni haulizaka, mugeni anakulaka. Kaa."

Nikakaa. Nilimwuliza kwa nini Thembo hakupewa pilau kama wenzake.

"Batoto ba mulima banapenda bundu," akasema, huku akitabasamu. "Pilau inabashinda."

"Na picha, aliipiga nani?"

"Simu beko nazo bote, Mwalimu. Miye nitajua namna gani?"

Chakula kikaletwa. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na kukataa chakula cha mwenyeji ni ufidhuli. Nikanawa, nikamega, huku akili yangu ikipanga swali linalofuata. Nilipoinamisha macho nikaona ninachomega: bundu, ndani ya kapu, mbele yangu peke yangu.

Niliporudi Kasese, Masereka alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Humo nilikuwemo mimi, mashavu yamejaa.

"Karibu, Mwalimu. Bundu ya Bwera iko tamu?"

"Masereka, huo ndio ushahidi wenyewe! Nimefanyiwa kama alivyofanyiwa Thembo."

"Eee! Na yeye alisema hivyo hivyo. Nyinyi mlisoma kitabu moja."

Nikawaeleza habari ya sinia na kapu, hatua kwa hatua. Hoja ilikuwa nzima, lakini shahidi alikwisha kuharibika.

Hapa ninakisia, nami nasema wazi kwamba ninakisia: sikuacha kujiuliza ni nani aliyezipokea picha hizo kwanza huku kwetu. Kipa wetu wa akiba alikuwa mpwa wa Masereka. Labda ni sadfa. Kwenye besiboli nimeona sadfa za namna hiyo, na kila mara kulikuwa na mtu aliyefurahi.

Siku ya kapu, Thembo alikuja na shati lililopigwa pasi. Zamu yake ilipofika akanyoosha mkono, na Masereka akalivuta kapu upande wa pili. Thembo akaufuta mkono wake kwenye suruali, ingawa haukuwa umegusa kitu, akatoka.

Nilimfuata hadi barabarani.

"Mwalimu, mimi sikuwa nimehama," aliniambia. "Saa hii ndiyo nahama."

Nilichojifunza ni hiki. Mwenye akili anayemtaka mtu wako hana haja ya kumvuta; atakupa sababu ya kumsukuma, nawe utasukuma kwa nguvu zako zote, ukijiona mlinzi wa nyumba. Na shaka, wakuu, ni chombo kizuri kikielekezwa kwa anayenufaika. Sisi tuliielekeza kwa mwenye njaa.

Ninyi mliokaa mipakani, au mnaofuatilia usajili wa mchezo wowote, nisahihisheni: Hajji aliyapanga yote peke yake, au alikuwa na mwenzake Kasese? Karibuni mchangie, ila kwa hoja, si kwa matusi.

Msimu ulipofunguliwa tulicheza na Bwera kwao. Mpwa wa Masereka aliruhusu bao moja la kona. Tulipata penalti, na Thembo akaipangua.