Beji Kwenye Msumari

Barua ilikuwa na mistari minne tu, lakini Fundi Picha aliisoma mara saba kwenye korido ya karakana, kofia ngumu bado iko kichwani. Beji yake ya mwezi uliopita ilikuwa imepokea mionzi kupita kiwango. Afike kwa afisa usalama saa nne bila kukosa.

Mwingine angeanza kulalamika. Yeye alishika tumbo.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha maungio ya mabomba na matangi, kama hospitali wanavyopiga mifupa, ila hapa mgonjwa ni chuma. Walitumia kidonge cha iridiamu, kidogo mno, kinachofungiwa ndani ya sanduku zito. Atomi zake hazijui kutulia: zinavunjika moja baada ya nyingine, mchana na usiku, na kutoa miale inayopenya chuma hadi kwenye filamu iliyo upande wa pili. Miale hiyo haina harufu, haina rangi, wala haipigi hodi. Ndiyo maana kila fundi alipewa beji ya kuvaa kifuani, kikasha cha plastiki chenye kipande cha filamu, ili mwisho wa mwezi ijulikane amepokea kiasi gani.

Sasa, Fundi Picha na beji yake walikuwa hawaivi chungu kimoja. Akipanda jukwaa, inanasa kwenye mkanda. Akiinama, inamchoma kidevu. Siku nyingi aliiacha kwenye koti, na koti kwenye msumari wa chumba cha kubadilishia nguo, akijiambia kesho ataivaa.

Na alikuwa na mimba ya wiki kumi na moja. Mbili za kwanza aliwaambia watu mapema, zikatoka, na pole za watu zikamchosha kuliko maumivu yenyewe. Hii ya tatu aliapa kuificha. Kazini hakusema, maana mjamzito huondolewa uwanjani siku hiyo hiyo na maswali yakaanza. Aliyejua ni mumewe tu, seremala, ambaye siku hizo alikuwa anaunda kitanda kidogo na kuwadanganya majirani kuwa ni rafu ya vitabu.

Alimpigia simu.

"Ulikuwa umeivaa au hukuivaa?" mume aliuliza.

"Sikumbuki, baba. Siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana."

"Basi tuombe iwe hukuivaa."

Afisa usalama, ambaye mafundi walimwita Mzee Kipimo, alikuwa ameweka filamu ya beji juu ya kioo chenye taa. Fundi Picha alisimama mlangoni.

"Kaa, binti yangu. Unaona hivi vivuli vya mraba? Ni vya vibati vilivyomo ndani ya beji."

"Naviona, mzee."

"Mtu akiwa kazini hugeuka, huinama. Miale humpata huku na huku, kingo za vivuli zikafifia. Hizi zimekatika kama kwa wembe. Beji hii ilikaa mahali pamoja bila kutikisika. Stoo ilipopakwa rangi, sanduku la iridiamu liliwekwa siku tatu nyuma ya ukuta wa chumba chenu cha nguo."

Fundi Picha alicheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe si mimi! Jamani, si mimi! Kosa nakiri, mzee, niliiacha kwenye msumari. Niandikie onyo, hata mawili."

Mzee hakucheka. Alifungua daftari. "Mwezi ule ulifanya kazi siku ngapi kwenye tangi kubwa?"

"Kumi na tisa."

"Na wewe mwenyewe ulipokea kiasi gani?"

"Si beji ita..." Beji ilikuwa imetoa habari za ukuta. Habari zake yeye hazikuwa popote.

"Huenda ni kidogo sana," mzee alisema kwa upole. "Nitakadiria kwa muda na umbali. Lakini kukadiria si kupima, kwa hiyo usinifiche kitu. Niambie ulisimama wapi, kwa dakika ngapi, na nani alikuwa nawe."

Aliitazama kalamu ya mzee ikisubiri juu ya karatasi, akaona hakuna tena wa kumficha.

"Andika, mzee," alisema, akiweka mkono tumboni. "Andika kwamba siku zote kumi na tisa tulikuwa wawili."