Mvumo Kwenye Salamu za Mjomba

Mama masikio yake yamekuwa mazito, na ujumbe wa mwisho wa kaka yake ulikuwa kwenye kompyuta yangu. Mjomba alijirekodi kwake Nyashimo, siku chache kabla hajafa. Ulikuwa wa dada yake, sikuusikiliza. Spika za kompyuta mama hazisikii kabisa, kwa hiyo Jumamosi moja hapa Bariadi nikaiunganisha na amplifaya ya sebuleni. Kabla mjomba hajafungua kinywa ukatoka mvumo mzito, vikombe vikalia kabatini. Mama akauliza kama huo ndio ujumbe.

Mimi si fundi, ila kifaa kikinikataa siwezi kukiacha. Nilibadili waya wa sauti, mvumo ukabaki. Nikauchomoa nyuma ya amplifaya, kimya. Kumbe ugonjwa haukuwa wa amplifaya. Nikahamishia vyote kwenye ekstensheni moja, ukapungua kidogo tu. Mwisho nikachomoa chaja ya kompyuta na mvumo ukakatika palepale. Umeme ulikuwa unaingia kwenye sauti kupitia chaja, na aliyefunga umeme wa nyumba hii hakuhangaika na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini. Nilijiona bingwa.

Lakini betri imechoka, bila chaja haikai. Simu yangu haina tundu la waya, na amplifaya yenyewe ni ya zamani, flashi haiijui. Nikaamua tusikilize kwa betri hivyo hivyo, tufike itakapofika.

Mjomba akaanza kwa mwangaluka, salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, akimwita mama ilumbu, kama kaka anavyomwita dada yake kwetu. Akataja ukoo. Akauliza nyumba, wajukuu, ng'ombe, mvua, na kila swali akaliachia nafasi ya jibu. Mama akawa anamjibu: mhola, mhola duhu, salama, salama tu. Sauti ilikuwa safi kabisa. Walipofika kwenye pamba, kompyuta ikazima.

Nikarudisha chaja ili iwake. Nikamwambia mama tungoje ipate chaji kidogo, niichomoe tena, halafu turuke salamu twende kwenye ujumbe wenyewe, maana betri haitatusubiri.

Mama akaniangalia kama mgeni asiyejua kupiga hodi. "Mtu ukimruka salamu, atakwambia nini tena? Acha huo waya hapo hapo. Nitamsikia na kelele zake."

Nikaanza upya, mvumo ukajaa sebule. Mama akavuta kigoda, akaegemeza sikio kwenye spika, akajibu zote tena: wajukuu, ng'ombe, mvua. Safari hii pamba nayo ikajibiwa, kwamba mwaka huu wadudu wameila.

Mjomba akakohoa. "Sina neno lingine, ilumbu. Nilitaka kukusalimia tu."

Rekodi ikaisha, ukabaki mvumo peke yake. Nikanyoosha mkono nizime, mama akaushika.