Mguu wa N

Nikipita Keko mafundi wakiranda mninga, harufu ile hunirudisha utotoni. Baba alikuwa akichonga herufi za mninga uani kwetu, Temeke, za kuchapia mabango ya dansi. Zilikuwa nene, zenye miguu mipana. "Mtu azisome toka ng'ambo ya barabara," alisema. Alizichonga kinyumenyume ili zikichapwa zisomeke sawa, na sie watoto tulikatazwa kabisa kuzigusa.

Mie niliigusa N. Ikaniponyoka, mguu mmoja ukakatika. Nikairudisha kwenye gunia la herufi, nikaifukia chini ya nyingine. Kesho yake baba akalipeleka gunia kiwandani kwa wachapaji.

Haikupita wiki, tukakuta bango limebandikwa ukutani kwa jirani. Halikuwa la dansi. ONYO, kwa herufi za baba, na N haina mguu. Mama akasoma maneno ya chini kwa sauti, amri ya serikali: asiye na kitambulisho cha kazi atachukuliwa kesho, apelekwe kijijini kulima.

"Baba watoto, si unawachongea hao wa kiwandani? Nenda wakuandikie barua kuwa una kazi."

"Mie kibarua tu, mama watoto. Jina langu halimo kwenye daftari lao."

Baba akaipapasa ile N polepole, kidole kikasimama penye pengo. Akanigeukia. Nikafumba macho, nikisubiri kofi.

"Ni wewe?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Hakunipiga. Alinishika mkono tu, akaurudia kwa sauti ndogo ule mstari wa chini: atachukuliwa kesho. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.