Tundu la Kwanza ni la Mgeni

Sisi tuliokulia Likoni kabla simu haijaingia mfukoni, twajua kwamba muziki wa harusi ulikuja kwa mkokoteni. Spika mbili kubwa kama makabati, amplifaya iliyofunikwa kitambaa cha meza, na katoni ya waya zilizojisokota kama tambi. Watoto wa mtaa mzima tulikimbia nyuma ya mkokoteni huo tukipiga vigelegele, kana kwamba bibi harusi mwenyewe ndiye aliyelazwa juu yake. Aliyeruhusiwa kubeba waya mmoja hadi mlangoni alitembea siku nzima kifua mbele, na sisi wengine tulimchukia kwa moyo mmoja.

Mchana wetu ulikuwa mrefu. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi, tukala achari ya maembe mpaka meno yakafa ganzi, tukakimbilia chuo cha Kurani tukiwa na vumbi la magotini, na maalimu akatutazama bila kusema neno, jambo lililokuwa baya kuliko fimbo. Lakini mimi, nikiulizwa siku gani ya utoto ningeirudia, sifikiri mara mbili. Ni siku ya kupambwa kwa shangazi yangu Zuhura, nilipokuwa darasa la sita na nikawa fundi mitambo.

Fundi mwenyewe alikuwa Ami Bakari, kaka yake baba, mtengenezaji wa redio. Mwaka huo alikuwa ameunda kitu ambacho mtaa wetu haukuwa umekiona: miksa. Ilikuwa kisanduku cha bati chenye matundu manne upande mmoja na tundu moja upande wa pili. Waliotaka kusikika waliingia kwa yale manne, wakachanganyika humo ndani, wakatokea kwa lile moja kwenda kwenye amplifaya. Juu ya kila tundu palikuwa na kifundo cha kuzungusha, cha kumpandisha huyu na kumshusha yule. Kabla ya hapo harusi zetu zilikuwa na kaseti peke yake, au kinanda peke yake. Sasa Ami alituahidi vyote kwa pamoja, na sauti ya Nyanya Mejumaa juu yake.

Hapo kwa Nyanya ndipo palipokuwa na jambo. Nyanya, mama yao Ami, baba na Zuhura, ndiye aliyeongoza vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, Likoni tangu mama yangu hajaolewa. Yeye huimba, wanawake hupiga pembe na kuitikia. Lakini mwaka huo kifua kilimsumbua, na sauti iliyokuwa ikivuka nyua tatu ikawa haivuki hata ukumbi. Wakwe wa Zuhura walikuwa watu wa Mjini, wanaotufikia kwa feri na kutuita sisi watu wa ng'ambo, nao walikuja na mwimbaji wao, Bi Rukia, mwenye koo la shaba. Katika kupamba, upande wa bwana huimba kuwachokoza wenyeji, na wenyeji lazima wajibu. Baadhi ya shangazi walishaanza kunong'ona kwamba Nyanya akae tu, iwekwe kaseti. Nyanya alisikia. Siku ile alikula tonge mbili akaosha mkono.

Tatizo la pili lilikuwa la wazi: kupamba ni kwa wanawake. Ami angeweza kufunga mitambo asubuhi, lakini adhuhuri ikiingia, yeye na masharubu yake nje. Nani angeshika miksa? Mama na shangazi walitazamana. Kugusa umeme hawakutaka. Basi wakachaguliwa wasichana wawili wasiotulia: mimi, Mishi, na jirani yangu Akinyi, ambaye baba yake alifanya kazi bandarini na mama yake aliimba kwaya ya kanisani, kwa hiyo maiki haikumtisha.

Ami alitufundisha kwa siku tatu. Sisi hatukubonyeza kitu kimoja halafu tukanuna kwamba kimechelewa kuunganika, kama mabinti wa leo. Tulikariri. Vifundo vyote chini. Chomeka waya. Washa kinanda na kaseti, halafu miksa, na amplifaya mwisho kabisa. Kuzima, amplifaya kwanza. "Mkikosea," alisema, "spika itapiga kishindo, na mwali atakimbia na hina mbichi." Niliandika yote nyuma ya daftari la Sayansi. Zuhura alitoa rangi yake ya kucha, nyekundu, na Ami akaandika namba juu ya matundu: moja, mbili, tatu, nne. Kisha akatushika masikio, mimi la kulia na Akinyi la kushoto, akasema: "La kwanza ni la maiki ya mama. Hilo peke yake nimelitia kikuza sauti ndani, kwa sababu maiki ni dhaifu. Haya mengine ni ya vitu vyenye nguvu zao, kinanda na kaseti. Msichanganye!"

"Hatuchanganyi, Ami."

"Semeni wallahi."

"Wallahi!" alisema Akinyi, Mjaluo wa watu, na Ami akacheka mpaka akaachilia masikio.

Siku ikafika. Ua wetu ulizungushiwa makuti na mashuka, na Ami akaketi nje ya makuti juu ya kigoda, mgongo umetugeukia, tayari kusaidia kwa masikio tu. Wanawake walipovua mabuibui, Nyanya alimpigia kelele: "Bakari! Ukigeuka, nakuoza leo leo!"

"Sigeuki, mama!"

"Na masikio?"

"Hayo yameumbwa wazi, nifanyeje?"

Ua mzima uliangua kicheko. Tulijaribu mitambo. Nyanya alisema "Bismillahi" kwenye maiki, ikatoka kwenye spika nene na tamu, naye akashtuka akatazama nyuma kuona nani kasema.

Kisha wakaingia wageni, kwa harufu ya udi na kishindo cha bangili. Bi Rukia alikuja mbele, mpana, mcheshi, na mpiga kinanda wao nyuma yake. Mama aliwapokea, akawaleta mpaka mezani kwetu kwa heshima zote. Akakiona kisanduku. Akaona namba.

"Nani yuko namba moja?"

"Nyanya, mama."

"Na wageni mmewaweka wapi?"

"La nne."

Mama alinivuta kando. "Mishi, wataka nisemwe Mjini kwamba nimeweka mgeni nyuma ya kaseti? Chomoa maiki ya nyanyako peleka la nne. Mgeni kwetu ni wa kwanza."

"Lakini Ami amesema..."

"Ami yako ndiye aliyealika watu?"

Nikachomoa. Wageni wakachomeka kinanda chao tundu la kwanza, wakashukuru, wakakaa. Wakapiga. Kinanda kikaingia kwenye kile kikuza cha maiki, kikanguruma kama lori la mawe lililokwama gia. Akinyi akakishusha mpaka karibu na chini kabisa, bado kikakoroma. Hata hivyo Bi Rukia hakuhitaji mtambo wa mtu. Aliinuka akaimba kwa koo lake:

"Tumevuka kwa shangwe, ng'ambo tumeingia,
Wenyeji mko wapi, au mwatukimbia?"

Vigelegele. Macho yote kwa Nyanya. Akashika maiki, akafungua kinywa, na kwenye spika ikatoka sauti ya mbu ndani ya chupa. Nilizungusha kifundo cha nne mpaka kikagoma. Mbu akabaki mbu. Wageni wakaanza kucheka, kwa adabu, wakiziba midomo kwa leso.

Nje ya makuti Ami alikuwa amesimama. "Mishi! Mmemweka mama wapi?"

"La nne!"

"Mrudishe!"

"Haiwezekani!" akajibu mama kabla yangu. "Mgeni nimtoe wa kwanza nimshushe wa nne mbele ya watu? Bora nizime!"

Nyanya aliweka maiki mezani polepole sana. Shangazi mmoja alishaanza kutafuta kaseti. Bahati yetu, pilau ilikuwa tayari. Mama akatangaza chakula, na wageni wote wakainuka kwenda ukumbini kwenye masinia.

Akinyi alikuwa akikitazama kile kisanduku. "Sa Mishi," akasema, "mamako hataki mgeni atoke namba moja. Lakini namba moja si ni rangi tu?"

Tulitazamana, tukaanza kucheka kabla hata hatujaelewa tunacheka nini. Tulizima kwa mpango, amplifaya kwanza. Akinyi alimkimbilia Zuhura akarudi na kichupa. Nilikwangua namba zote kwa ufunguo wa kabati, nikaandika upya kuanzia upande wa pili. Lililokuwa la nne likawa moja. Lililokuwa la kwanza likawa nne. Tukahamisha kinanda cha wageni kwenye "moja" mpya, tukamrudisha Nyanya pale alipopangiwa na Ami. Tulipomaliza kupuliza rangi ikauke, tulikuwa tumeishiwa pumzi kwa kucheka.

Mama alipita, akatupa jicho. Mgeni, moja. Mama mkwe wake, nne. Akatikisa kichwa kwa kuridhika akaenda zake.

Bi Rukia, lakini, hakuwa mama. Alirudi akinukia pilau, akainama juu ya meza.

"Mbona hii moja imehamia kulia?"

Nikajibu upesi. "Sisi twaanza kulia, bi. Kama msahafu."

"Ala!" Akanyoosha kidole akaigusa ile moja. Akakiinua kidole. Kilikuwa chekundu.

Nilijua yamekwisha. Kesho Mjini pote wangejua kwamba watu wa Likoni humshusha mgeni kwa hila. Bi Rukia alinitazama, akamtazama Akinyi, akageuka akamtazama Nyanya, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na maiki iliyozimwa mapajani. Mwimbaji humjua mwimbaji.

Kisha akavuta kiti, akatandaza mkono wake juu ya meza yetu. "Haya, nyinyi mabaradhuli," akanong'ona. "Kidole kimoja chekundu nitakwenda nacho wapi? Malizeni na hivi tisa."

Akinyi alimpaka kucha mimi nikiwasha mitambo. Kinanda chao kikatoka safi kama maji ya dafu. Nje tukasikia makuti yakipigwa kwa ngumi za furaha. "Mmemwondoa mgeni?"

"Hatukumwondoa, Ami! Yuko namba moja!"

Maskini Ami alikesha na fumbo hilo mpaka nilipomweleza kesho yake.

Bi Rukia akaimba tena uchokozi wake, akipunga vidole kumi vyekundu, safari hii akimwelekea Nyanya moja kwa moja, kama anayemwita uwanjani. Nyanya akainuka. Nikapandisha kifundo chake taratibu, robo, nusu, na sauti yake ikajaa ua, ikaruka makuti, ikaenda barabarani:

"Mwatuita watu wa ng'ambo, na mabega mwayapandisha,
Mbona mwali wa kuoa, kwenu hamkubakisha?"

Pembe zililipuka. Wanawake walirukaruka, mama alijitupa begani kwa shangazi, na Bi Rukia ndiye aliyepiga kigelegele kirefu kuliko wote. Nyanya akaimba mpaka alasiri ikaisha. Neno kaseti halikutajwa tena, si siku ile wala miaka yote aliyobaki nayo.

Mwezi uliopita tulimpamba mwana wa kike wa Zuhura katika ukumbi mmoja Mkomani. Binti fulani aliendesha mitambo kwa kidole, kwenye kioo kama cha simu, na sauti ilikuwa nzuri, sina la kusema. Nyimbo zilitoka hapo hapo kwenye kioo. Wageni walikaa upande wao wakijipiga picha, wenyeji upande wao wakijipiga picha, na hakuna aliyemchokoza mwenziwe. Nilimsimulia mpwa wangu habari hizi. Alisikiliza, kisha akauliza, "Khalati, video iko wapi?"

"Haiko. Haikuchukuliwa."

"Sasa mlijuaje kama ilikuwa nzuri?"

Nikamwambia tulijua jioni ile ile. Ami Bakari aliwasindikiza wageni mpaka kivukoni. Alirudi akikimbia, amepoteza kiatu kimoja, akasema feri imeng'oa nanga, na kwamba wale wanawake wa Mjini walikuwa wamesimama ubavuni, Bi Rukia katikati yao, wanavuka wakiimba ule wimbo wa Nyanya wa kuwajibu kwa sauti zao zote. Nyanya alikuwa ameketi anakunja leso yake. Hakuinua macho. Aliuliza tu, "Wameukosea mahali?"