Wiki Jiwe Liliponenepa

Hii habari inanifanya nionekane mjinga, najua. Lakini nimeshawasikia wengine wakiisimulia, na wao wanaongeza chumvi mpaka eti nililia mbele ya wazazi. Sikulia. Basi bora niiseme mwenyewe, na pale penye ujinga nitauacha ujinga kama ulivyokuwa.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, jina langu halikutoka kwenda sekondari, na kitu pekee nilichokijua vizuri ni kuchekesha watu. Nilishinda mwaloni, pale wanaposhusha samaki, nikiigiza sauti za wachuuzi mpaka wananipa sato mdogo ili niondoke. Enzi hizo kila mtu alikuwa anafungua kitu. Huyu kioski, huyu chumba cha video, huyu mitumba. Mama mmoja wa mtaani kwetu Ilemela, aliyekuwa karani kwenye shirika la umma mpaka walipompunguza kazi, yeye akafungua chekechea. Vyumba viwili vya bati, na uwanja wenye jiwe kubwa katikati, refu kunizidi, ambalo mafundi walilishindwa wakaliacha. Siku moja akanikuta nachekesha watoto wa jirani.

"Hivyo unavyofanya," akaniuliza, "unaweza kufanya kuanzia saa mbili mpaka saa sita?"

"Mama, mimi naweza mpaka jioni."

Ndiyo ulikuwa usaili wangu wote. Akaniambia nitajaribiwa mpaka siku ya wazazi mwisho wa muhula, halafu ataona. Nyumbani, mama yangu hakusikia hilo neno la kujaribiwa. Alizunguka mtaa mzima anasema mwanawe ni mwalimu. Hata wale wachuuzi wa mwaloni wakawa wanaweka ndoo chini nikipita, wananiinamia, "Shikamoo mwalimu!" halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nikishindwa ile kazi, njia ya kwenda popote ilikuwa lazima inipitishe kwao.

Mwanzo ulikuwa mteremko. Mimi nasema "a", wao "aaa". Mimi "moja", wao "mojaaa". Hata usingizini ningeweza. Halafu mama mwenye shule akaenda semina mjini siku tatu, akarudi amebadilika. Alikuja na karatasi kubwa akaibandika ukutani.

"Kuanzia leo," akasema, "watoto hawaimbishwi tu. Mtoto anauliza, anatafuta jibu mwenyewe. Anashika, anapima, anaonja. Wewe hujibu."

"Sasa mimi nafanya nini?"

"Unamuuliza, tutajuaje? Basi. Nikikusikia unajibu hata swali moja, nakurudisha kwa mama yako."

Nikaona hii kazi sasa imekuwa rahisi kupita kiasi, kumbe ndiyo imeanza kuwa ngumu. Mtoto wa miaka mitano ukimruhusu kuuliza, hana huruma. Mbona dagaa akifa hafumbi macho? Mbona ziwa halimwagiki? Mwalimu, wewe una mke? Mbona huna? Kila asubuhi nilikuwa naingia darasani naogopa, na hofu yangu haikuwa kwamba nitajibu. Hofu yangu ilikuwa kwamba sijui.

Katika lile darasa kulikuwa na binti mmoja mdogo, mkimya, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye pantoni, kivuko cha Busisi, na alikuwa akirudi nyumbani siku za mapumziko tu. Hakuwahi kuuliza kitu. Siku moja tumekaa uwanjani kwenye kivuli cha lile jiwe, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, mawe yanakua?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikafungua mdomo niseme hapana, nikaukumbuka ule ukali wa mama mwenye shule, nikaufunga. Na nilipoufunga ndipo nikagundua kwamba sina uhakika. Sisi tumezaliwa katikati ya mawe. Kuna nyumba zimeegemea mawe, kuna mawe yamekaa juu ya mawe mengine kama mtu ameyapanga kwa utani. Nani alishawahi kuyapima? Jioni nikamuuliza bibi yangu.

"Kwani wewe, mwarimu," bibi akasema, "urifikiri yarizariwa makubwa hivi?"

Hakunisaidia.

Kesho yake nikawauliza watoto, tutajuaje? Mtoto wa fundi cherehani akajibu upesi, "Tulipime kiuno!" Nikaona hapa nimepata darasa la kumfurahisha mama mwenye shule. Nikaleta kamba ya katani, tukaizungusha kwenye jiwe, watoto wameishikilia kila upande wanasukumana, tukaikata pale pale ncha mbili zilipogusana. Tukapaka mstari wa mkaa kwenye jiwe ili tupime sehemu ileile kila mara. Tukakubaliana, kila Jumatatu tunapima. Kamba tukaitundika kwenye msumari nje, upenuni mwa darasa, kila mtu aione.

Jumatatu ya kwanza, ncha ziligusana. Ya pili, ziligusana. Ya tatu, ziligusana, na watoto wakaanza kuchoka. Mama mwenye shule alikuwa anasimama mlangoni ananitazama, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kulala vizuri.

Halafu mvua zikaanza. Jumapili ilinyesha kutwa, Jumatatu asubuhi mawingu mazito, uwanja matope. Tukazungusha kamba. Haikufika. Nikafikiri imenaswa, nikazunguka nyuma ya jiwe, haikunaswa. Tukavuta. Kati ya ncha na ncha palibaki nafasi ya kiganja changu kizima.

Watoto wakapiga kelele ambazo nadhani Sengerema walizisikia. "Limekua! Limekua!" Mtoto wa fundi akaeleza kabisa na sababu: limekunywa mvua, kama mahindi. Mimi nimesimama na ile ncha mkononi. Nilipima tena. Nikapima mara ya tatu. Naapa nililiamini. Mtu mzima, nina ndevu saba, nililitazama lile jiwe nikasogea nyuma.

Katikati ya kelele yule binti wa pantoni akanivuta shati.

"Mwalimu, na la kwetu?"

Nyumba yao ilikuwa juu kidogo mlimani, na nyuma ya chumba anacholala kuna jiwe kubwa kama nyumba yenyewe. Nililijua. Wakati ule ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumuuliza, tutajuaje? Lakini mimi nikiogopa huwa natania, ndiyo ugonjwa wangu.

"La kwenu?" nikasema. "La kwenu likinenepa kidogo tu, mtalala nalo kitanda kimoja!"

Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka. Aliachia shati langu polepole.

Alhamisi baba yake akaja. Mtu mrefu, mikono mipana yenye makovu ya kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba bila kunitazama, akamgeukia mama mwenye shule.

"Mama, nimetoka Busisi nimekuta mwanangu halali ndani. Tangu Jumatatu analala kwa jirani, jikoni. Ukimwingiza chumbani anatetemeka. Anasema mwalimu kapima, na mwalimu kasema jiwe litaingia kitandani. Shule gani hii? Mimi nitamtoa."

Mama mwenye shule akamwomba asubiri mpaka Jumamosi, siku ya wazazi, mwalimu ataeleza mbele ya watu wote. Yule baba akaondoka hajakubali wala hajakataa. Mama akanigeukia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Huyu mtoto akitoka, na wewe unatoka naye. Siku hiyohiyo."

Ijumaa sikula. Nilipita kwenye kila jiwe la Ilemela nikilitazama kama mdeni. Nilijaribu kutunga maelezo. Nikisema jiwe limekua, mtoto anatolewa. Nikisema halijakua, wenzake watasema, mwalimu mwongo, tumepima na wewe. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kwamba tusiamini maneno, tuamini kamba.

Jumamosi alfajiri mvua ilinyesha tena. Saa tatu ikakatika, jua likatoka kali. Wazazi wakakaa kwenye mabenchi, mandazi na soda mezani. Yule binti alikuwa pale, amemshika baba yake suruali, hanitazami. Nikasimama. Nikaeleza yote, kiuno, kamba, mstari wa mkaa, Jumatatu tatu na Jumatatu ya nne. Nikazungusha kamba mbele yao, nikitegemea labda Mungu atanihurumia. Nafasi ilikuwa palepale.

Baba mmoja akaguna. Mama mmoja akasema, "Heee! Kumbe ndiyo maana uzio wetu umepinda." Mwingine akauliza kama tumewaambia watu wa serikali ya mtaa. Mama mwenye shule alifumba macho.

Yule mtu wa pantoni akainuka. Nikajua ndiyo basi. Akaja mpaka kwenye jiwe, hakulitazama, akanyanyua kamba. Akaiminya. Matone ya maji yakamdondokea kwenye viatu.

"Mwalimu, hii mnaitunza wapi?"

"Pale msumarini, mzee."

"Mvua ikija?"

"Inailowesha kidogo."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja pale. "Kijana, hujawahi kufunga hata mtumbwi? Kamba ya katani ikilowa inajivuta, inakuwa fupi. Sisi mvua ikianza tunazilegeza, la sivyo zinang'oa kitu. Mtoto yeyote wa pale Busisi anajua."

Wazazi walicheka mpaka soda zikamwagika. Mimi nimekulia ufukweni, nimeona mitumbwi tangu sijajua kutembea, lakini nilikuwa nawaigiza wenye mitumbwi, sikuwa nafunga.

"Kwa hiyo jiwe halijakua?" akauliza mama wa uzio.

Nikafungua mdomo. Nilitaka sana kusema halijakua, yaishe, nikae chini. Lakini nikamwona yule binti. Alikuwa bado amelikazia macho lile jiwe. Maneno ya baba yake hayakumwingia, yalikuwa maneno tu, kama utani wangu ulivyokuwa maneno tu.

"Tutajuaje?" nikauliza.

Mama mwenye shule alifumbua macho. Halafu yule binti, ambaye sikuwa nimemsikia tangu Jumatatu, akasema, "Tuianike."

Tuliitandaza juu ya jiwe lenyewe, lilikuwa limeshaanza kuchoma. Tukasubiri. Saa nzima ile sitaisahau. Nikawaimbisha watoto nyimbo zote ninazozijua, nyingine mara mbili, na jicho langu moja liko juu, maana wingu lilikuwa linakuja taratibu kutoka upande wa ziwa. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, wingu au kamba, wingu au kamba. Yule binti hakuimba. Alipanda kwenye benchi akawa anaigeuza kamba upande huu na upande huu, kama mama zetu wanavyogeuza dagaa.

Wingu lilipofunika jua, baba yake akaishika kamba. "Imekauka. Ikikauka unaivuta kidogo inarudi." Akashika ncha moja, mtoto wake akashika nyingine, wakavutana kidogo, kisha wakaizungusha pale penye mkaa. Nilitazama pembeni. Sikuweza.

Watoto ndio waliopiga kelele. Nilipogeuka, ncha zilikuwa zimegusana, na binti ameweka kidole chake pale zilipokutana, anabonyeza, anahakikisha. Hakutabasamu. Baba yake alimchukua mkono wakaondoka, na hakusema kama atamrudisha.

"Jumatatu," mama mwenye shule akaniambia akikusanya chupa, "tutahesabu watoto. Halafu ndiyo nitakuambia."

Jumatatu saa mbili nikaita majina. Lake nikaliita, kimya. Nikaendelea, nikamaliza, nikarudia kuliita kana kwamba angeweza kuwa amejificha chini ya mkeka. Mama mwenye shule alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. Saa mbili na nusu. Nikaanza kuwaza nitapita njia gani kwenda nyumbani ambayo haina mchuuzi hata mmoja, na hapakuwa na njia hiyo.

Kisha nikasikia kandambili kwenye mawe. Yule binti aliingia ametota jasho, begoni amebeba daftari, na begani amebeba fungu la kamba ya manila, ile ya plastiki ya kwenye kivuko, zito mpaka limempindisha upande mmoja. Akalitupa miguuni pangu.

"Shikamoo mwalimu. Baba amesema hii hata ikilowa haijivuti. Leo tunaenda kupima la kwetu, na wewe ndiyo utapita kule nyuma ya jiwe penye nyoka, kwa sababu mimi zamu yangu ya kuogopa imeisha, jana nimelala chumbani."